Picha za harusi zisipotee: kuchagua memori kadi na kuweka nakala za akiba

Kila msimu wa harusi ukikaribia, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Dada anayeanza kazi ya kupiga picha Kisauni, hapa Mombasa, anataka kujua anunue kadi gani. Kijana wa Bamburi anauliza mbona kadi yake ya GB 64 inaonyesha 59. Na usiku wa manane, sherehe ikishamalizika, hunipigia mtu sauti imemkauka: "Nimefomati kadi na picha zote zilikuwa humo, nifanyeje?" Kufomati ni kuipanga kadi upya iwe tupu, na hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu mara nyingi hunifikia muda umeshapita. Basi nimeyaandika yote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kazi yangu kubwa ni kupiga picha za kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao, ambapo hata mpiga picha sharti awe mwanamke. Picha za usiku ule zina mizigo miwili. Zisipotee, maana bi harusi hapambwi mara ya pili ili wewe upige upya. Na zisivuje, maana ametoka bila buibui, nywele wazi, akijua wanaomwona ni wanawake wenzake. Nikisema "hifadhi picha", nina maana ya yote mawili.

Nimewahi kupoteza. Mwaka wangu wa pili nilinunua kadi iliyoandikwa GB 128 kwa bei ya chini sana kwenye meza ya vifaa vya simu mjini. Usiku wa kazi kamera haikulalamika hata kidogo. Nilipofungua nyumbani, picha za mwanzo za wageni wakiingia zilikuwa salama. Kuanzia hapo majina ya faili yalikuwepo, nambari zikifuatana vizuri, lakini kila niliyoifungua ilikuwa utepe mwembamba juu, pindo la leso na nusu ya kikuba cha asumini, kisha kijivu kitupu hadi chini. Nilipokwenda kwao, mama wa bi harusi alipitisha picha moja moja, akainua macho: "Mwanangu, na za hina ziko wapi?" Nilimrudishia pesa zake zote, lakini za hina sikuwa nazo. Nilipoipima kadi ile baadaye, ilikuwa na GB 8 tu za kweli.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili: memori kadi ni feri. Ya Likoni huvusha watu na magari mchana kutwa, wala hakuna anayehamia ndani yake. Picha ziingie, zivuke, zishuke usiku uleule.

Vitu vya kuwa navyo

- Kamera na kijitabu chake cha maelezo (kama kimepotea, kipakue kwenye tovuti ya aliyeiunda).
- Memori kadi mbili au zaidi, na kijaluba kigumu cha kuzitia.
- Kadi rida, yaani kile kifaa cha kuchomeka kadi kwenye kompyuta. Chukua ya USB 3.
- Laptopu yenye betri inayodumu. Kama unatumia kompyuta ya mezani, tafuta UPS, kile kifaa chenye betri kinachoiwasha kompyuta umeme ukikatika, kwa sababu stima ikipotea katikati ya kunakili unaweza kuharibu faili.
- Diski mbili za nje. Si moja.
- Vile vipakiti vidogo vya silika, vya kunyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usivitupe.

Hatua ya 1: Iulize kamera kabla ya kumuuliza muuzaji

Tazama kwenye kijitabu inakubali aina gani ya kadi na ukubwa wa mwisho ni upi. Kadi nyingi za kamera ni za umbo la SD: zenye alama ya SDHC huishia GB 32, na zenye SDXC huanzia hapo kupanda hadi TB 2 (yaani GB 2,000). Kamera ya zamani iliyoundwa kwa SDHC huenda isiitambue kabisa kadi ya GB 64, na utamlaumu muuzaji bure. Kamera mpya za bei kubwa nyingine hutumia CFexpress, ambayo ina umbo jingine na haiingii mlango wa SD.

Kadi ndogo ya microSD ndani ya adapta hufanya kazi, lakini kwa harusi siipendekezi. Adapta ni kiungo cha ziada, na kila kiungo ni mahali pa kuharibika.

Hatua ya 2: Zisome alama zilizo usoni mwa kadi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana ile nambari kubwa inayong'aa, tuseme 170 MB/s (megabaiti 170 kwa sekunde), huwa ni kasi ya kusoma, tena ya juu kabisa. Itakusaidia unapohamisha picha kwenda kwenye kompyuta. Unapopiga, unalohitaji ni kasi ya kuandika, na hiyo imefichwa kwenye alama ndogo:

- C10 na U1: angalau megabaiti 10 kwa sekunde.
- U3 na V30: angalau megabaiti 30.
- V60 na V90: angalau 60 na 90.

Neno "angalau" ndilo la thamani. Ni ahadi kwamba kadi haitashuka chini ya hapo wakati video inaendelea kurekodiwa.

Unahitaji ipi? Kamera nyingi hurekodi video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde au karibu na hapo. Megabiti si megabaiti: gawanya kwa 8, upate megabaiti 12 na nusu. Kwa hiyo V30 inamtosha karibu kila anayeanza, na kulipia V90 ni kutupa pesa ambazo zingenunua diski ya pili. Anayepiga picha mfululizo, kama za ngoma ya lelemama au mashindano ya ngalawa, atafaidika na kadi ya kasi zaidi, kwa sababu kamera haitamsimamisha ikisubiri kumaliza kuandika.

Kuna pia alama ya I au II ya Kirumi. Hiyo ni UHS, yaani njia ya kupitisha data kati ya kadi na kamera. Kadi ya UHS-II ina safu ya pili ya miguu ya dhahabu mgongoni. Ukiitia kwenye kamera ya UHS-I itafanya kazi, ila kwa kasi ya UHS-I. Alama za A1 na A2 zinahusu programu za simu. Kwa kamera, zipite tu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ukubwa

Picha mbichi ya RAW kutoka kamera ya megapikseli 24 huwa kama megabaiti 25, ingawa hutofautiana kwa kamera na mpangilio. Kadi ya GB 64 basi inachukua kama picha 2,000 na ushei. Za JPEG, zilizobanwa na kamera, zinaingia nyingi zaidi.

Mimi hununua za GB 64, kadhaa, badala ya moja ya 256. Wako wenzangu wanaobisha, wakisema kila unapobadilisha kadi unaongeza nafasi ya kuiangusha au kuipoteza, na wana hoja. Lakini nikipoteza kadi ya 64 nimepoteza kipande cha usiku, na nikipoteza ya 256 nimepoteza usiku mzima.

Kama kamera yako ina milango miwili ya kadi, ubishi umekwisha. Ingia kwenye menyu, iambie iandike picha ileile kwenye kadi zote mbili. Kamera nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kujaza kadi ya kwanza ndipo zihamie ya pili, na mwenye kamera hudhani ana nakala mbili kumbe hana.

Hatua ya 4: Nunua kwa risiti, kisha ipime kabla ya kuiamini

Kadi feki zimejaa kila mahali, na pakiti zake siku hizi hutengenezwa vizuri hata jicho haliwezi kuzitofautisha. Ujanja wake ni huu: ile chipu inayosimamia kadi imefundishwa kudanganya. Inaiambia kamera ina GB 128, na ikishajaza zile 8 za kweli, inaandika juu ya picha za zamani au inazitupa mpya. Haisemi kitu. Ndiyo maana kuichungulia tu kwenye kompyuta hakusaidii.

Nunua kwenye duka lenye mlango na risiti, liwe la Moi Avenue, Digo Road au Nyali, ambapo ukirudi kesho utamkuta mtu yuleyule. Bei ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine, ondoka.

Ukifika nyumbani, kadi ikiwa tupu, ipime. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Mac na Linux kuna F3. Zote mbili huijaza kadi faili hadi pomoni, kisha huzisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kadi ya GB 64 itachukua muda wa saa moja au zaidi. Iache, nenda kapike. Ikileta kosa hata moja, irudishe na risiti.

Hatua ya 5: Fomati ndani ya kamera, kisha iandike jina

Usifomati kwenye kompyuta, wala usitumie kadi iliyotoka kwenye kamera ya mtu mwingine bila kuifomati upya katika yako. Kila kamera ina namna yake ya kupanga folda.

Bandika kila kadi nambari ndogo: 1, 2, 3. Usibandike karatasi nene, itakwama mlangoni. Kalamu ya wino usiofutika inatosha. Kisha andika jina na nambari yako ya simu kwenye karatasi, na picha ya kwanza ya kila kadi iwe ya karatasi hiyo. Atakayeiokota ataifungua, na kitu cha kwanza atakachokiona ni namna ya kukupata.

Hatua ya 6: Siku ya kazi

Anza na kadi zilizofomatiwa na betri zilizojaa. Betri ikizimika kamera ikiwa bado inaandika, unaweza kuharibu orodha nzima ya faili. Kwa sababu hiyohiyo, usifungue mlango wa kadi kile kitaa chekundu kikiwa kinamemeta. Subiri kizime.

Usifute picha moja moja kwenye kamera ili kupata nafasi. Ukiwa na haraka, kidole hukosea, na hapo hutakuwa na pa kurejea. Kadi ikikaribia kujaa, badilisha wakati wa utulivu, kabla bi harusi hajatoka.

Kadi iliyotumika irudi kwenye kijaluba ikiwa imegeuzwa kifudifudi, ili usije ukaitia tena ukidhani ni tupu. Kijaluba kikae mwilini mwako, kwenye mfuko wenye zipu, si kwenye begi la kamera. Begi ndilo linaloibwa kwenye matatu, ndilo linalosahaulika kwenye tuktuk. Kamera unaweza kununua nyingine.

Na hali yetu ya hewa tuiheshimu. Ukitoka kwenye ukumbi au gari lenye baridi ya AC kuingia joto la nje, kamera hutoa jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, ndipo ufungue milango yake. Ukiwa ufuoni, usibadilishe kadi upepo ukivuma mchanga, na usipulize kwa mdomo: mate na chumvi ni adui wa zile sehemu za dhahabu.

Hatua ya 7: Nakili usiku uleule

Najua umechoka na miguu inauma. Fanya hata hivyo. Chomeka kadi, nakili kwenda kwenye laptopu, ndipo ulale.

Nakili, usihamishe. Ukihamisha, faili hufutwa kwenye kadi inapofika upande wa pili, na stima ikipotea au waya ukicheza katikati, faili inaweza isiwe kamili upande wowote.

Folda ianze na mwaka, mwezi, siku: "2025-08-16 kupamba Majengo". Hapo kompyuta itazipanga zenyewe kwa tarehe. Sipendi kuandika jina kamili la bi harusi kwenye folda, kwa ajili ya ile siri niliyoitaja mwanzo.

Ikimaliza, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili. Kisha fungua picha chache kwa macho yako: za mwanzo, za katikati, na hasa za mwisho. Picha ndogondogo zinazojitokeza kwenye orodha zisikudanganye, zinaweza kuonekana nzima hata faili yenyewe ikiwa imekatika. Fungua picha yenyewe, ijae kioo.

Hatua ya 8: Diski mbili, nyumba mbili

Kanuni inayofuatwa na wapiga picha duniani ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Kwangu imekuwa hivi: laptopu, diski ya nje iliyo kwangu Tudor, na diski ya pili iliyo kwa dada yangu Likoni. Kila baada ya kazi kubwa diski hizo hubadilishana zamu. Mwizi, moto au bomba la juu likipasuka haviwezi kunikuta nyumba zote mbili kwa siku moja.

Kosa nililoliona mara nyingi: diski zote mbili ndani ya begi moja pamoja na laptopu. Hiyo ni nakala moja. Jingine ni kutegemea flashi. Ni nzuri kwa kumpelekea mteja, lakini akiba ya miaka usiiweke humo. Diski ya kawaida ya TB 2, kwa harusi ya GB 40, inabeba harusi kama 50. Zifomati kwa exFAT, mpangilio wa faili unaosomeka kwenye zote mbili, kama unatumia Windows na Mac kwa pamoja. Ziweke kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya silika.

Na mtandao je? Akaunti ya Google ya bure ina GB 15, na humo humo huingia barua pepe, Drive na picha. Zamani picha za ubora uliopunguzwa hazikuhesabiwa, lakini tangu Juni 1, 2021 zinahesabiwa. Kupakia GB 40 kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde kutakuchukua takriban saa 18 mfululizo, na kwa bando za simu ni hasara. Mimi hupandisha zile zilizochaguliwa tu, za nikahi na karamu. Angalia pia usichanganye kuhifadhi na kuoanisha: simu ikiwa imeoanishwa na Google Photos, ukifuta picha upande mmoja inaweza kufutika na upande wa pili.

Za kupamba haziendi mtandaoni kwangu, isipokuwa mteja mwenyewe ameruhusu. Na diski zenyewe nimezifunga kwa nywila. Programu ya VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Windows Pro ina BitLocker yake. Diski ikiibwa, aliyeiba ana kipande cha chuma tu. Lakini nywila ukiisahau hakuna fundi atakayeifungua, kwa hiyo iandike kwenye karatasi na uiweke mahali tofauti na diski. Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu ni data yake. Mimi ningefanya hivi hata bila sheria.

Hatua ya 9: Sasa ndipo ufomati kadi

Si kabla ya kuziona kwa macho nakala mbili nje ya kadi. Nikiwa na kadi za kutosha, mimi husubiri hata mteja apokee albamu yake.

Kila baada ya miezi michache, chomeka diski zote, fungua picha za zamani. Diski ikifikisha miaka mitano au ikianza kusuasua, nunua nyingine uhamishe. Na kadi usiifanye sanduku la kumbukumbu kabatini: chaji inayoshikilia data ndani yake hupungua ikikaa miaka bila umeme, na joto letu huharakisha.

Mambo yakienda mrama

*Kadi ya 64 inaonyesha 59.* Si feki kwa hilo peke yake. Aliyeiunda anahesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu 1,073,741,824. Gawanya bilioni 64 kwa nambari hiyo, utapata 59.6.

*Kamera inasema kadi imefungwa.* Tazama kile kiswichi kidogo ubavuni mwa kadi. Kimeteleza chini. Kipandishe.

*Video imekatika vipande.* Kadi za GB 32 kushuka hutumia FAT32, mpangilio wa zamani wa faili usiokubali faili moja kuzidi GB 4. Hakuna kilichopotea, viunganishe wakati wa kuhariri.

*Kompyuta inasema "fomati kadi hii kwanza".* Kataa. Jaribu kadi rida nyingine, tundu jingine la USB, kompyuta nyingine. Mara nyingi kosa ni la kadi rida.

*Nimefuta au nimefomati kwa bahati mbaya.* Acha kupiga sasa hivi, toa kadi, iweke kando. Kufomati kwa kawaida hufuta orodha ya majina. Picha zenyewe mara nyingi zingalimo mpaka uandike nyingine juu yake. Tumia PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa faili, na ukiokoa, zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Majina ya faili yatakuwa yamepotea.

*Mteja anasema picha zimefifia.* Ulimtumia kwa WhatsApp, nayo hupunguza ubora. Zitume kama dokumenti, au mpelekee flashi.

*Kadi imeanguka baharini.* Usiichomeke popote. Isuuze kwa maji safi yasiyo na chumvi, ifute, iache kivulini penye hewa siku mbili au tatu, ndipo uijaribu kwenye kadi rida, si kwenye kamera. Ikisomeka, nakili kila kitu kisha uistaafishe.

*Diski ya nje inagonga tik-tik-tik.* Ichomoe mara moja, usiifungue kwa bisibisi, usiendelee kuijaribu "mara moja tu". Nunua diski mpya siku hiyohiyo, panda feri, ichukue ile iliyo kwa dada yako, na utengeneze nakala nyingine kabla hujakubali kazi mpya.